Jana Sikuisikia Sauti ya Nyemo

Jumamosi. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye kopo la sukari. Nimefagia mara mbili nikaacha. Moyo wangu nao haujatulia, ndiyo maana nimekaa hapa mlangoni na simu, nakuandikia wewe shajara.

Wanaonisoma wanamjua binti yangu Nyemo, maana sijawahi kuandika humu bila kumtaja. Kwa wageni narudia, na wala sichoki: mimi niliishia darasa la saba, mwanangu ana shahada, ana kiti cha kuzunguka kwenye ofisi ya serikali hapa Dodoma, na ukurasa huu ni yeye aliyenifungulia. Jirani yangu Mama Zaituni husema, "Wewe, Nyemo akipiga chafya mtaa mzima tutaambiwa." Kweli. Nitawaambia.

Basi jana ofisini kwao walikuwa wanamuaga mkuu wao anayestaafu, na Nyemo alikuwa ametunga shairi. La hiyo hiyo kazi yao: mafaili, mihuri, watu wa njoo kesho. Wiki iliyopita alinisomea jikoni nikiwa nasonga ugali. Niliachia mwiko nikapiga vigelegele. Ugali ukashika chini, tukaula hivyo hivyo.

Lakini siwezi kusema ya jana kabla sijasema ya Haneti, kijijini kwetu, Nyemo akiwa mtoto.

Uwele wetu ulipoanza kukomaa, watoto walipanda kwenye madungu, yale majukwaa ya miti katikati ya shamba, kufukuza ndege. Kweleakwelea hawana huruma, wakishuka kundi zima unabaki na mabua. Kila mtoto alikuwa na mwito wake. Huyu anapiga debe, yule anapiga mluzi, Nyemo wangu anatunga maneno. Anawatukana ndege kwa vina! Aliwaambia wana matumbo ya mjumbe na miguu ya karani, mimi nipo bondeni nachota maji nacheka peke yangu kama mwehu. Mashamba matatu katikati yetu, na bado naijua sauti ya mwanangu.

Mwaka mmoja watoto wa majirani waliupenda mwito wake, wote wakauchukua. Kila dungu, neno lile lile, sauti ile ile. Siku chache tu ndege wakauzoea. Wakawa wanashuka huku watoto wanaimba, wanakula bila haraka, kama wageni waliokaribishwa. Nyemo alishuka akilia. Marehemu baba yake akamwambia, "Usilie, mama. Panda, tunga mwingine." Alipanda. Alitunga.

Ah, siku zile. Miguu ina vumbi, midomo mikavu, na bado tunaimba.

Sasa ya jana.

Nilivaa kitenge changu cha Krismasi, nikamchukua Mama Zaituni awe shahidi. Tukakaa safu ya tatu. Kila anayepita namwambia mimi ni mama yake mtunzi. Mshereheshaji akatangaza: "Sasa tunakaribisha shairi kutoka kitengo." Jina la Nyemo hakulitaja. Wakatoka watu kumi, sare moja, majalada ya bluu mkononi, wakajipanga mstari. Mwanangu yumo katikati.

Wakaanza kusoma wote kwa pamoja. Mkuu wetu twakupenda, idara yetu yasonga, sijui nini na nini. Hakuna faili, hakuna mhuri, hakuna njoo kesho. Nilitega sikio. Nikafumba macho nitege vizuri, kama nilivyokuwa nafanya bondeni.

Sikuisikia.

Mtoto niliyemjua kwa sauti mashamba matatu mbali, jana alikuwa hatua chache mbele yangu na sikuisikia sauti yake.

Watu walipiga makofi. Mama Zaituni akaninong'oneza, "Mbona hupigi vigelegele? Umemeza ulimi?" Nikapiga. Lakini vilikuwa vyembamba.

Leo Nyemo amekuja kula mchana. Nilimpikia mlenda na ugali wa uwele, hakula vizuri. Akanieleza mwenyewe bila kuulizwa. Mkubwa wake wa kitengo alilisoma shairi akasema ni zuri, ila lirekebishwe kidogo. Likatoka kwake likaenda kwa mwingine, naye akarekebisha kidogo. Kila meza imetoa neno lake na kutia neno lake. Ubeti wa mzee mmoja aliyekuwa akisubiri huduma kwenye benchi la ofisini kwao ukatolewa wote, eti utaleta picha mbaya mbele ya wageni. Mwisho wakasema si vizuri mtu mmoja ajitokeze, lisomwe na wote.

"Sasa wewe ulisemaje?" nikamuuliza.

"Nilisema sawa, mama. Pale kila mtu anasema sawa."

Huyo mzee simjui mimi. Nyemo anasema alikuja asubuhi, benchi likiwa kivulini, akakaa mpaka jua likamfikia, na kila aliyepita alimsalimia shikamoo akaendelea na safari yake. Nyemo naye alipita. Ndipo akaandika.

Nikamwambia, "Huo ubeti nauweka kwenye ukurasa wangu leo leo, na jina lako juu."

Akaacha tonge. "Mama, ukiweka jina langu, Jumatatu nitaitwa."

"Basi naweka bila jina."

Akacheka kidogo, cheko lisilo na raha. "Bila jina si ndiyo kama jana?"

Akaosha mikono, akaaga, akaondoka. Na mimi nimebaki na ubeti wake kichwani, nimeushika wote kwa kuusikia tu, akili ya mwanangu mnadhani ameitoa wapi?

Lakini niseme ukweli, naogopa. Ile kazi ndiyo maringo yangu. Sokoni napunguziwa vitunguu kwa sababu ya ile kazi. Wakimhamishia mbali, wakimnyima kupanda cheo, nitamwangalia vipi? Siyo mimi nitakayeitwa Jumatatu. Kwa hiyo naandika haya yote na naweza nisiyabandike. Ubeti ni wake, na mdomo ni wake.

Chungu kinachemka, ngoja nikakitazame.

Nimerudi. Simu imelia nikiwa jikoni. Ni ujumbe wa Nyemo, mfupi: "Weka, mama. Na jina. Jumatatu wakiniita nitaenda na huo ubeti, niwasomee wenyewe."

Nimepiga vigelegele peke yangu, sasa naandika haraka, msishangae makosa ya kuandika. Mama Zaituni amechungulia dirishani anauliza hizi kelele ni za nini, nimemwambia aje asome kama watu wengine.

Ubeti ndio huu. Mwanangu, nimekusikia.

*Mzee toka Haneti, fimbo ameegemea,*
*Ameketi, ameketi, jua limemwelekea,*
*Jina lake hatuiti, namba tumemtolea,*
*Huyu ni baba wa mtu, mbona tumemzoea?*

Umetungwa na Nyemo. Binti yangu.