Nilivyoyasingizia Magoti

Jumanne jioni, Komarock

Miaka minne nimeficha kwamba mkojo hunitoka nikikohoa, nikicheka, hata nikiinuka kitini. Nikasema ni magoti. Kanisa zima likayaombea.

Leo nimerudi kwenye yoga pale ukumbini. Tulikuwa wanawake wanane, wazee sote, tumelala mikekani kama dagaa wa omena walioanikwa juani. Mwalimu wetu, binti mwenye subira, akaniinamia. "Shosho, kaza kule chini kama unayezuia mkojo. Usikaze uso!"

Mama Njoroge akamjibu kutoka mkekani kwake, "Mwanangu, uso ndio pekee uliobaki wa kukazika."

Tulicheka hadi machozi. Nikangoja aibu yangu ya kawaida, lakini nguo ilibaki kavu. Kavu kabisa!

Daktari anasema moyo wangu umechoka, na sitaki kuondoka na uongo huu. Wekesa, mwana wa marehemu dada yangu, bado hunitumia dawa ya kuchua magoti kila mwezi. Nitampigia simu kesho, kabla sijaghairi. Nitamwambia kwamba siku ile niliyosema magoti yamekataa, niliweza kutembea vizuri. Niliogopa kulowesha kiti cha basi la mazishi mbele ya jamaa, na ndiyo maana sikwenda Bungoma kumzika mama yake.