Kibao cha Namba Tisa

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za nyumba nzima, yaani mimi, Mama na kuku wake. Sisi hatujambo. Mama anaumwa goti la kulia asubuhi na la kushoto jioni, kwa hiyo ukichukua wastani ni mzima. Shemeji hajambo? Watoto nao? Na kile kikohozi chako kimekwisha, au bado unakitibu kwa kukilaumu?

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwamba kibao chenye namba tisa kimerudishwa juu ya mlango wetu, kwa misumari miwili, mbele ya mashahidi. Najua utauliza kwa nini nipoteze stempu kwa habari ya kibao. Tulia. Habari zote za mwezi huu zimening'inia hapo.

Unamkumbuka jirani tunayetazamana naye, yule dereva wa lori tunayemwita Bwana Shangwe kwa kuwa akirudi safari hata viziwi hujua. Nyumba yake ni namba sita. Vibao vya mtaa mzima niliviandika mimi, nikavipigilia mimi, na cha kwake nilikipigilia vibaya. Msumari wa juu ukatoka, kibao kikageuka kichwa chini miguu juu. Wewe umesoma, unajua sita ikipigwa mweleka inakuwa nini.

Basi asubuhi moja mtaa ukaamka ukakuta tangazo la mnada limebandikwa mlangoni kwa Bwana Shangwe. Lilisema nyumba namba tisa imewekwa rehani, marejesho yamesimama, na mwenye nyumba asipofika benki kabla ya mwezi kwisha, itauzwa. Jina halikuandikwa. Hapa kwetu hakuna anayejua nyumba kwa namba, sisi husema kwa fundi, kwa Shangwe, kwa Mama Kuku. Na kama kuna aliyetaka kuhakikisha, aliinua macho akaona tisa juu ya mlango.

Ndiyo, Dada, umehesabu sawasawa. Ilikuwa nyumba yetu. Mabati uliyotununulia wewe, chumba cha Mama, ukuta aliouegemea marehemu Baba akisikiliza redio, vyote. Mkono wako najua umeshakwenda kwenye pochi. Urudishe. Sikuandikii kuomba, na mwisho si mbaya.

Sasa nikueleze raha ya kusikia sababu za kufilisika kwako huku wewe mwenyewe umekaa hapo hapo unanyolewa ndevu. Kinyozi alisema ni tamaa ya benki. Wakubwa wa benki, kwa maelezo yake, huzunguka mitaani jioni wakichagua nyumba nzuri, kisha hutafuta kosa la mwenyewe. Nikaitazama nyumba yetu kwa dirisha lake, ukuta umebanduka kama mwenye ukurutu, nikaona mkubwa huyo atakuwa na macho mabovu. Mwenye duka alikata kauli kwamba ni kubeti, mtu hawezi kupoteza nyumba bila mpira kuhusika. Aliyasema hayo huku simu yake imewaka, ikimwonyesha matokeo. Fundi cherehani akasema hapana, kuna mwanamke mahali, ukiona mwanamume amefilisika tafuta harufu ya manukato. Mume wake mwenyewe alitoka kununua uzi na hajarudi. Na Mama yetu, kutoka kibarazani, alitoa hukumu kwamba ni yale makochi ya Shangwe. Mtu anayekalia kochi la rangi ya maziwa, alisema, anajitafutia.

Nimejifunza jambo ambalo hakuna shule iliyonifundisha, na unajua shule nyingi hazikupata nafasi ya kunifundisha. Kila mtu humfilisi jirani kwa ugonjwa anaouogopa nyumbani kwake. Mimi nami niliulizwa. Nikasema, labda ni televisheni kubwa. Wakakubali wote, wakanisifu kwa busara.

Lakini kicheko kilinikauka kwa ajili ya mke wa Shangwe. Mumewe alikuwa safarini. Mwenye duka, aliyekuwa akimkopesha sabuni na kumwita shemeji, siku hiyo alimwambia daftari limejaa. Wanawake walimsalimia kwa sauti ile ya msibani. Nikamwona uani anafunga glasi moja moja kwenye magazeti, na yule mtoto wake mdogo anauliza wanahamia wapi. Alimjibu kwamba wanapanga vyombo tu. Dada, siku hiyo nilistahili kibao cha aina nyingine kabisa.

Bwana Shangwe aliporudi, nilivuka barabara kabla hajazima lori. Nikamwambia yote hapo hapo kwenye tairi, kwamba tangazo ni langu, namba ni yangu, na aibu anayobebeshwa mkewe ni yangu. Alizima lori, akashuka, nami nikaanza kupima umbali wa kukimbia. Kisha akacheka, akacheka mpaka akashika bampa asianguke. Akaniambia, jirani, hii nyumba mimi nimepanga. Makochi ndiyo yangu, kuta ni za watu. Mkewe alikuwa ameshampigia simu mwenye nyumba, na yule bwana hakukana deni hata kidogo. Aliuliza tu ni benki ipi.

Kesho yake alinipandisha kwenye lori akanipeleka benki kama mzigo unaovunjika. Afisa mikopo ni binti mdogo mwenye miwani mikubwa. Mimi nilikwenda nimejiandaa kulia, yeye akaniuliza kwa nini sikuja mapema. Nikamwambia niliogopa wakijua nina shida wataichukua nyumba upesi zaidi. Akavua miwani. Alisema benki haina haja na nyumba yangu. Ikiiuza humlipa dalali, hulipia matangazo, hungoja mnunuzi, na mara nyingi hupata hasara. Akaongeza kwamba yeye ana nyumba ya mama mkwe ya kumtosha. Kisha akataka kujua sababu. Nikaanza kumpa za kinyozini, moja baada ya nyingine, zilikuwa zimenikaa mdomoni. Alinikatiza kwa upole, akasema anataka ile ambayo ninaweza kuiletea karatasi ya daktari.

Hapo ndipo penye jambo la kukuungamia, Dada. Ule mkono niliokuambia umeteguka kidogo, haukuteguka. Nilianguka kutoka kwenye ngazi nikiandika bango la muuza magodoro, na godoro lenyewe halikuwepo hata moja chini. Ulivunjika pawili, tena wa kulia. Ile barua fupi uliyojibu kwa kuniuliza kama nimeanza kunywa, niliiandika kwa kushoto. Miezi yote hiyo sikushika brashi, na asiyeshika brashi halipwi. Pesa kidogo ya akiba ilikwenda hospitali. Barua ya kwanza ya benki ilipofika niliiweka chini ya godoro, nikaondoa kibao chetu mlangoni, nikamwambia Mama nakipaka rangi upya. Niliamini nyumba isiyo na namba haiwezi kupatikana. Mtu mzima na mvi zangu.

Na kinachonichekesha ni hiki. Mkono ule ulikuwa umening'inia shingoni ndani ya plasta, mweupe kama kochi la Shangwe, nikiingia nao dukani, nikikaa nao kwa kinyozi. Katika sababu zote walizotoa, hakuna aliyesema mkono.

Tumeelewana na benki. Mkopo umerefushwa, rejesho la kila mwezi limepungua, plasta imetolewa, nami nimesharudi kazini. Nimelipa la kwanza. Mke wa Shangwe nilimwomba radhi mbele ya duka, mchana, watu wakiwa wamejaa. Alinitazama, akaniamuru nimfungulie glasi zote na kuziosha, nami nimeziosha. Mwenye duka amerudia kumwita shemeji. Mimi sasa daftari langu ndilo limejaa, na fundi cherehani ananinusa nikipita.

Mama nilimweleza jioni ile ile, nikiwa nimeshika maji ya kumpa kama angezimia. Hakuzimia. Alisema alijua kuna jambo, kwani hakuna kibao duniani kinachopakwa rangi kwa mkono uliovunjika. Nikamuuliza basi mbona alisema ni makochi. Akasema makochi yale yalimkera muda mrefu, na ilikuwa nafasi nzuri.

Kibao cha Shangwe nacho nimekigeuza, nimekiongezea msumari. Msalimie shemeji, wabusu watoto, na kikohozi ukiambie nimekikataza. Mama anasema usitume pesa, ila ukituma, utume kwa jina lake.

Wako mpendwa, mwenye mikono miwili,
Mdogo wako

Tena: kibao kinaonekana vizuri kutoka barabarani. Leo asubuhi mtu wa maji ameleta bili.