Namba Mbili Yangu

Mama,

Shikamoo. Marahaba yako siidai. Ukifika mwisho utaona kwa nini.

Kura yako ya kupanga wameiua hata arobaini yako haijafika. Masalu, mwenyekiti wa umoja wa waanika dagaa, yule aliyelia juu ya jeneza lako mpaka akashikwa mkono, aliitisha mkutano mkuu akasoma kifungu kipya cha katiba: ni marufuku kikundi chochote kuwapanga wagombea kwa namba. Kila mtu amchague mmoja tu, anayeongoza ashike kiti.

Ulitufundisha wewe, hapa Kirumba, umekaa juu ya ndoo. "Ukikosa sato unachukua sangara, ukikosa sangara unachukua dagaa. Kwenye kura kwa nini urudi mikono mitupu?" Namba moja unayempenda, namba mbili anayemfuata. Wa mwisho akitolewa, karatasi zake zinakwenda kwa walioandikwa namba mbili, hadi mmoja apate zaidi ya nusu. Hata bibi zetu wasiojua kusoma walichora vijiti wakaelewa.

Masalu akasema inawachanganya watu. "Hata marehemu mwenyewe mwishoni namba zilimshinda. Aliulizwa ana watoto wangapi, akasema saba!"

Watu wakacheka. Ulinizaa mimi peke yangu, Mama, na walicheka. Mimi nilitabasamu, maana Masalu alikuwa ananitazama.

Kisha nikanyoosha mkono kuunga kifungu.

Asubuhi ile Masalu alikuwa amenipitia nyumbani. "Wewe ni damu ya mama yako. Gombea uenyekiti, mimi nimechoka." Hakuchoka, aligombea pia. Na nilijua Mama Koku anagombea. Mama Koku aliyekuogesha miezi yote uliyolala, aliyekufunga kidevu kwa khanga yake mwenyewe. Nikachukua fomu hivyo hivyo. Niliona aibu kuwa chini ya mtu tena.

Kura zikahesabiwa: Masalu arobaini na moja. Mama Koku thelathini na nane. Mimi thelathini. Walionipigia walikuwa watu wa Mama Koku, walinipa kwa kunionea huruma ya msiba. Wengi wetu hatukumtaka Masalu, na Masalu amekaa kitini.

Wiki ileile aling'oa vichanja vya Mama Koku vya kuanikia dagaa, eti viko njiani. Vyangu hakuvigusa. Mama Koku akaanika dagaa mchangani, mvua ikanyesha, wakaoza wote. Nilikuwa nimesimama chini ya turubai langu. Nafasi ilikuwepo. Sikumwita.

Siku aliyofunga mizigo kwenda kwa kaka yake Usagara alinipitia. Nilitegemea matusi. Akasema, "Mwanangu, ingekuwa ile kura ya mama yako, namba mbili ningekuandika wewe."

Nikamtwisha mzigo wake. Namba mbili yangu moyoni ilikuwa Masalu. Nilishaamua hivyo kabla hata ya kuchukua fomu, ilimradi asikae kitini Mama Koku, uliyempenda kuliko mimi.

Kwaheri, Mama. Siwezi kukuahidi kwamba nitairudisha kura yako, sina uso wa kusimama mkutanoni. Jumamosi nakwenda Usagara kumwambia Mama Koku haya yote, mbele ya ndugu zake. Akinitemea mate, sitajifuta.

Mwanao,
Kabula