Kioo Kilichozimika Upande Wako

Kaka Deo,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na afadhali nianze nazo kabla hazijageuka machozi. Ile kompyuta yako ya vioo viwili imeharibika.

Kioo cha upande wako, ulipokuwa ukikaa nyuma ya meza ya kukatia vitambaa, kilianza kutoa mistari ya kijani wiki chache baada ya kukuzika kibanjani, kwenye shamba letu la Kishanda. Kisha kikazima kabisa. Niliipeleka Bukoba. Fundi akaifungua, akasema waya mwembamba unaopita kwenye bawaba, katikati ya vioo, umekatika kwa kukunjwa na kukunjuliwa. "Dada, spea ya hii hakuna. Nikung'olee hiki kibovu, utumie hicho kimoja." Nilimpokonya mikononi. Kimoja nikifanyie nini? Na ni nani huyo aliyetengeneza kitu cha kukunjwa kila siku, halafu akapitisha uhai wake wote pale pale panapokunjwa?

Unakumbuka walivyoicheka hapa Muleba ulipoileta dukani? Haina hata kitufe kimoja. Herufi ziko kwenye kioo, na vidole vyako vyenye vumbi la chaki vikiandika "mkono mfupi" inatoka "mkoni mfupo". Siku ile uligonga meza ukaniandikia: "Waliotengeneza hii hawajawahi kufanya kazi." Lakini ulipoilaza wazi mezani kama kitabu, kioo kimoja kikimtazama mteja, kingine kikikutazama wewe, kicheko kiliisha. Mteja anaandika kwake, wewe usiyesikia unasoma kwako. Unachora gauni kwa kidole, naye kwa kidole chake anaifuta shingo, anaipandisha. Yule mama wa kwaya alikuandikia, "Fundi, hapo kiunoni umenionea." Ulicheka mpaka ukamwaga pini zote.

Sasa kwenye meza hiyo nipo mimi, mwenye masikio yangu mawili, na wateja wananisumbua kuliko walivyokusumbua wewe. Wanasema, wanabadilisha, wanakana. "Mimi sikusema marinda!" Zamani ingekuwa imeandikwa na kuchorwa. Mimi nina maneno tu, na maneno yakishatoka mdomoni nani atayashika?

Ila si hilo lililonikalisha chini. Jumanne alikuja Jeneroza kutoka Ngenge, yule mliyesoma naye shule ya viziwi. Alikuwa na kitenge kipya kwenye mfuko. Habari zako hazikuwa zimemfikia. Alisimama mlangoni, akaangalia cherehani yako, akaniangalia mimi, akauliza kwa mikono. Kaka, mimi najua zile alama zetu za nyumbani tu: njoo ule, mvua inakuja, mama anakuita. Ya kifo hatukuwahi kuitunga.

Nikawasha kile kioo kimoja kilichobaki. Nikaandika, "Deo amefariki." Nikakiinua nimwonyeshe, nacho kwa ujinga wake kikayapindua maneno, miguu juu. Nikakigeuza. Kikayapindua tena. Jeneroza akawa anapinda shingo huku na huku kuyafuata, na anatabasamu, akidhani namtania. Alikuwa anatabasamu, kaka! Niliibwaga mezani, nikamshika mkono, nikamvuta upande wangu ili asome niliposimama mimi.

Akasoma. Akakaa kwenye kiti chako. Sauti aliyoitoa sitaiandika.

Baadaye akaweka vidole viwili karibu na sikio, akavifumba na kuvifumbua kama mkasi, akaonyesha kiti. Sikuelewa. Akarudia. Mwisho akaivuta kompyuta akaandika, "Jina lake."

Kumbe ulikuwa na jina jingine! Wenzako wote walikuita hivyo tangu shuleni, na mimi niliyekula nawe sahani moja silijui. Hilo nalo limeniudhi. Kwa nini hukuniambia? Au uliona mimi ninalo la kwangu la kukuitia, linatosha?

Jeneroza ameacha kitenge chake. Nimemshonea mshono uleule uliokuwa ukimshonea, na mabega yamekaa vibaya, nimeyafumua, nitayashona upya. Siku ya kukichukua amesema atakaa hadi jioni anifundishe alama zenu. Kioo chako sitaking'oa. Yule fundi nimemwambia autafute huo waya kokote uliko, na asinipigie simu kunieleza tena habari za kimoja. Lakini upatikane usipatikane, nakuahidi: kiziwi mwingine akiingia kwenye duka hili hatapindishwa shingo kutafuta maana.

Pumzika sasa, kaka. Jumapili baada ya misa nitakuja Kishanda. Nitasimama kaburini nikuite kwa lile jina lako, kwa vidole. Kwa mdomo umeitwa vya kutosha, na watu ambao hukuwahi kuwasikia.

Mdogo wako,
Koku