Mshale Uliofuta Kijitabu cha Mazishi

Mdogo wangu mpendwa,

Jumamosi iliyopita, saa tatu asubuhi, tulipoteza kijitabu cha mazishi cha mzee mmoja wa Uyole. Picha zake, wasifu wake, utaratibu wa ibada, vyote vilifutika dukani kwangu hapa Mbeya, gari la msiba likiwa limewashwa nje. Kilichovifuta ni mshale wako.

Nilikuandikia siku ileile. Ukanijibu kwa picha ya dole gumba. Ndiyo maana leo naandika wazi, na wenye steshenari wengine wasome, maana najua programu uliyonitengenezea umewapa na wao.

Unakumbuka Mafinga? Kibanda chetu cha kuchapa kilipakana na mashine ya mbao, vumbi likawa linaingia mpaka kwenye chai. Kibodi yetu ya kwanza tuliinunua imeshafutika maandishi. Nikatoa rangi yangu ya kucha, nyekundu, wewe ukashika njiti ya kiberiti, ulimi umekutoka pembeni kwa kujitahidi, tukaandika upya: Ctrl, Shift, Alt. Mwalimu hatukuwa naye. Tulifungua menyu, mmoja akasoma kwa sauti, mwingine akabonyeza.

"Kontroo na P, dada."

Nabonyeza, printa inaguna, tunacheka. Hivyo ndivyo nilivyowafundisha wote waliopita mikononi mwangu: ukisahau, fungua menyu, soma neno, litafute kwenye kibodi. Basi.

Ukiwa chuoni Iringa ukanitengenezea programu ya kupanga kazi za duka. Menyu kwa Kiswahili, na pembeni ya kila amri vitufe vyake kwa maneno, kama tulivyojifunza. Nililia mbele ya wateja, na sikuona aibu.

Sasa uko Dodoma, una kompyuta ambayo vitufe vyake vina michoro. Mwezi uliopita ukatuma toleo jipya. Nafungua menyu, nakuta alama kama kofia ndogo mahali pa Ctrl, mshale mnene unaotazama juu mahali pa Shift, na mahali pa Alt kitu kama reli iliyokatika. Nikakupigia.

"Dada, maneno yanachafua menyu," ukasema. "Alama ni safi. Ndivyo wanavyofanya wenzetu."

Wenzetu akina nani? Dukani kwangu kuna kibodi saba. Yenye kofia ya namna hiyo mahali pa Ctrl: sifuri. Yenye reli: sifuri. Yenye mshale wa juu: zote saba, ila huo si Shift, ni mshale wa kupandia mstari wa juu. Hesabu hiyo ungeifanya kwa simu moja.

Tumpe, mchapaji wangu, Jumamosi hiyo alikuwa na kazi mbili kwenye orodha. Juu kijitabu, chini mitihani ambayo mwalimu alishaichukua. Alitaka kuiweka mitihani ghalani, humo kwenye programu tunamohifadhi kazi zilizokwisha. Akaichagua, akafungua menyu kama nilivyomfundisha, akakuta mshale na Delete. Zamani pangeandikwa Shift na Delete. Akabonyeza mshale, ule mstari wa bluu unaoonyesha kazi iliyochaguliwa ukapanda kwenye kijitabu. Akabonyeza Delete, ambayo ikiwa peke yake wewe mwenyewe uliipanga ifute kabisa. Programu ikamuuliza kama ana uhakika. Alikuwa na uhakika.

"Dada, mshale si ndio huu?" akaniuliza, kidole bado kiko juu yake.

Ule wasifu tuliuandika kwa kusimuliwa na kaka wa marehemu, naye asubuhi hiyo alishakwenda makaburini kusimamia uchimbaji. Binti wa marehemu alisimama kaunta, kitenge kiunoni, hakupaza sauti.

"Basi mama, tutamzika bila maandishi."

Heri angenitukana.

Kinachonitia kinyaa si kosa. Programu inakosea, nami nakosea. Ni huo usafi wako. Yale maneno tuliyoyaandika kwa rangi ya kucha, yaliyokulisha na kukusomesha, leo umeyaona uchafu, ukayafagia ili menyu ikupendeze wewe usiyeitumia. Jana nimeitazama tena, nikaifunga kama anayesukuma sahani akikuta unywele kwenye wali.

Na Tumpe anataka kuacha kazi. Anasema kichwa chake hakifai kompyuta, bora arudi kwao Rungwe akachume chai. Nimemwambia aliyekosea yuko Dodoma. Haniamini, kwa sababu wewe ndiye uliyesoma. Nimembembeleza asubiri mpaka Jumatatu.

Kwa hiyo nijibu kabla ya Jumatatu saa mbili asubuhi, kabla sijafungua duka. Usiniambie utaangalia, usiniambie mko kwenye mchakato. Unarudisha maneno kwenye menyu, ndiyo au hapana? Na uandike kwa herufi, nimsomee Tumpe.

Ni mimi dada yako, niliyekushikia kichupa cha rangi.