Kahawa Ndani ya Gari Bubu

Mama yangu,

Kabla hata ya shikamoo, nikuambie jambo ambalo sijapata kumwambia mtu yeyote: sikio langu la kushoto halisikii kitu, na la kulia linasikia kwa shida. Ni tangu ile surua. Aikande mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, usipaze sauti, na kama kuna wageni subiri kwanza waondoke.

Sasa shikamoo, Mama. Hamjambo huko Masama? Ng'ombe ameshazaa? Na kifua cha Baba kimetulia, au baridi bado inamsumbua? Mimi mwili ni mzima, ila joto la Tanga linanitoa jasho hata nikiwa nimekaa. Ndizi zipo, lakini hakuna anayejua kuzipika mtori. Wakati mwingine nafumba macho nijaribu kuikumbuka harufu ya migomba yetu baada ya mvua. Siku nyingine haiji.

Nyote mliniita mwenye haya. Haya ninayo kweli, lakini nusu yake ni kutosikia. Hata shuleni, Kiingereza cha ubaoni nilikishika, cha mdomoni kikanipita.

Hapa ninajifunza kazi kwa Fundi Saidi, na ndiye ninayekaa kwake, kwenye vyumba vya juu ya ghala. Tunatunza gari dogo linalobeba magunia kutoka kwenye mabehewa. Linakwenda kwa umeme wa betri, halina injini ya mafuta wala halingurumi, basi wapagazi wameliita Gari Bubu. Magunia mengi ni kahawa ya kwetu, imeshuka na treni kutoka Moshi.

Wiki iliyopita Gari Bubu lilianza kupiga kelele. Kila mtu alizisikia isipokuwa mimi.

"Unaisikia hiyo kwaru kwaru?" Fundi akaniuliza.

"Naisikia, Fundi."

"Inatoka wapi?"

Nikaonyesha gurudumu la mbele, kwa kubahatisha tu. Tukalifungua, tukalipaka grisi, tukalirudisha. Wapi! Wapagazi wakaanza kumtania: "Fundi, bubu wako ana kikohozi, mpe tangawizi!"

Ndipo nikakumbuka maji ya mfongo. Unakumbuka, Mama, ile zamu yetu ya maji, mfereji umefunguliwa kule juu na kihambani, kwenye migomba yetu, hayafiki? Baba alichomeka mpini wa jembe kwenye ukingo, akatega sikio kwenye ncha yake, ili asikie maji yanatorokea wapi chini kwa chini kwenye matundu ya fuko. Akanipa na mimi nijaribu. Sikioni sikupata kitu. Alipogeuka nikaung'ata ule mpini, na maji yakanguruma ndani ya meno yangu mpaka utosini. "Ni hapa, Baba." Akachimba, na tundu likawa hapo hapo. Jioni ulinipikia kiburu cha ndizi na maharage, mkasema nina masikio ya sungura. Nilifurahi mno, nikashindwa kusema kweli.

Basi tukaliinua gari juu ya magogo, Fundi akawasha mota, magurudumu yakazunguka taratibu. Nikang'ata mpini wa nyundo, kichwa chake nikakigusisha kwenye mota. Mvumo laini, kama nyuki walio mbali. Gurudumu la nyuma la kulia, kimya. La kushoto, pale kwenye breki, meno yakatetemeka kama mtu anayesaga mahindi kinywani mwangu.

"We Mchagga! Kwenu mnakula hata nyundo?" Fundi akanipigia kelele.

"Ni hapa, Fundi."

Akazima, akafungua. Humo ndani, Mama, mlikuwa na punje za kahawa! Nyingine zimesagika unga, nyingine nzima. Gunia lililotoboka lilikuwa likizimwaga. Fundi alitaka kuzifagia, nikamwomba. Ziko hapa mezani. Huenda hazikutoka kihambani kwetu, lakini nikizishika naiona mikono yako ikichuma, na kile kikapu chako chenye mshipi uliokatika.

Shida imekuja na sifa. Fundi amemwambia msimamizi kwamba nina masikio makali kuliko yake, na kesho nakabidhiwa gari niliendeshe mwenyewe. Nirudi nalo kinyumenyume, Mama, katikati ya watu wenye magunia vichwani, ambao kinga yao ni kupiga kelele tu, "Simama!" Mzee Juma mpagazi ana mguu mbovu, na njia yake ni nyuma ya gari. Nikinyamaza nitamvunja mtu. Nikisema, huenda nikarudi kwenu na sanduku langu, baada ya kanisa zima kuniombea safari.

Msalimie Baba, na umweleze habari ya mpini, asione nilimdanganya kwa ubaya. Msalimie Bibi anayenifichia ndizi mbivu darini, na Mjomba mshona viatu. Mwambie soli zake bado zinashika. Aikande, asante kwa kusoma polepole.

Tangu nitoke ibadani nimeufunika ukurasa huu kwa kiwiko kila Fundi anapopita. Sasa mbao za sakafu zinatetemeka tena chini ya nyayo zangu. Ni yeye, anakuja mlangoni. Kusoma anajua. Karatasi nimeisogeza upande wake wa meza, pamoja na zile punje, na mkono nimeuondoa.

Mwanao,
Kundaeli