Nyasi za Kiwanja Hatukuzikata

Papa,

Nimekalia kile kigoda chako chenye mguu uliolegea, nyuma ya nyumba, na hasira niliyo nayo haijui ikae wapi. Ningekuja kukuambia kwa mdomo, maana kaburi lako liko hapo tu, mbele ya migomba, lakini Mama anapitapita na sitaki anisikie nikitukana. Kwa hiyo naandika. Ulinipeleka shule kwa masista ili nijue kuandika, basi pokea.

Walitaka kukuhamisha, Papa. Kukuchimbua na kukusogeza kando kama kisiki, ili ndege yao ipate mahali pa kukimbilia. Ndege ileile. Acha nipumue kwanza.

Nitaanza nyuma kidogo, kwa sababu tangu uondoke watu wanaisimulia habari hii nusunusu, kila mmoja na nusu inayompendeza.

Unakumbuka ulivyofurahi siku ilipotangazwa kanisani. Vita vilikuwa vimebomoa madaraja, malori hayafiki, daktari wa mwisho amekwisha kuondoka, na serikali ya jimbo ikasema itanunua ndege ndogo ya kubeba wagonjwa kutoka huku msituni hadi Goma. Wauzaji walikuwa wawili. Kila mmoja angeleta ndege yake papa hapa Walikale, kwenye kiwanja cha nyasi kilichofyekwa zamani na watu wa madini, na itakayofaulu ndiyo ingenunuliwa. Mimi nilikuwa nimeshuka kutoka Karuba kwa mume wangu, likizo ya shule ninayofundisha. Ulinishika bega ukasema, "Furaha, sasa serikali iko nafanya sawa bawindaji."

Maana sisi mbwa wa kuwinda hatumnunui barazani. Muuzaji anamleta, anamfunga mlangoni kwako, kisha yeye mwenyewe anabaki nyumbani anakunywa pombe ya ndizi. Mbwa anaingia msitu wako kama ulivyo, kwenye nyavu zako, na kengele ya mti shingoni kwa kuwa mbwa wetu hawabweki. Wakiletwa wawili, wanaingia asubuhi moja. Muuzaji akionekana karibu na nyavu, akipiga mluzi hata mara moja, biashara imekufa na hakuna wa kumlilia. Ndivyo ulivyompata Shida, na mama yake kabla yake.

Ndege ya kwanza ilikuja katikati ya mvua, ile yenye mabawa juu. Ilibidi tufukuze mbuzi wa Mama ndipo ipate kutua. Nyasi zilikuwa zinafika magotini. Iliteleza, ikajipaka matope hadi kwenye vioo, lakini ikasimama kabla ya ile miti miwili ya mwisho wa kiwanja. Wakubwa wa tume ya kupima ndege, waliokuwa wamekuja kwa jeep na kwa miguu na wamechukia tangu asubuhi, wakaamuru ipakiwe magunia ya mchele na watu wazima, wewe ukiwa mmoja wao. Ikaruka. Ulirudi umetapika ndani ya kofia yako, unacheka peke yako. Rubani alikula sombe kwetu, majani yetu ya muhogo, kwa mkono, na Mama alimwongeza bila kuulizwa.

Kabla ya ile ya pili walikuja polisi. Kila nyumba itoe mtu na panga. Nyasi zikakatwa hadi kiwanja kikafanana na kichwa cha mfungwa, mashimo yakajazwa kokoto, ile miti miwili ikaangushwa. Kisha tukangoja jua likaushe udongo, na ndege nayo ikangoja Goma, ikiwa imepumzika. Ilipokuja ilikuwa nyeupe, mabawa chini, viti vya ngozi. Ndani hakukuwa na gunia hata moja. Walikuwemo wakubwa walewale wa tume, safari hii wamevaa viatu safi, na muuzaji ameketi ubavuni mwa rubani akimwonyesha kwa kidole pa kugusia. Ikatua vizuri. Kwenye kiwanja kile hata baiskeli ingetua vizuri.

Wewe hukutoa panga. Ulikaa kwenye kigoda hikihiki, miguu umeinyoosha, na mkubwa wa tume alipopita kusalimia ulimwambia, "Mukubwa, muko munapima mbwa na nyama ya kufunga kamba." Wakacheka wote. Hata kaka Bahati alicheka, nilimwona. Yule mkubwa akakupigapiga begani kama mtoto, akiita ndege kwa Kifaransa. "Papa, avion haiko mbwa." Ukamkubalia polepole, bila kumtazama: "Njo vile. Mbwa akishindwa, hakuna muntu anakufa."

Papa, laiti ungekosea siku ile.

Uamuzi ulitufikia kwa redio ya misheni. Ndege ya mabawa juu iliteleza na kuchafuka, ya mabawa chini ilitua bila kasoro, kwa hiyo ya mabawa chini imenunuliwa. Basi. Kuhusu mvua hakuna neno. Kuhusu mapanga yetu hakuna neno, wala magunia ya mchele. Watu wananiuliza kama tume ilikula kitu. Sijui. Sikuona mtu akipokea chochote na sitamsingizia mtu jambo ambalo sikuliona. Lakini nilichokiona kinanitosha kukasirika hadi uzeeni. Mmoja alipewa msitu, mwingine akapewa uwanja uliofagiwa, kisha wakasema wamewalinganisha.

Na wewe ndiye uliyelipa. Si wao.

Siku ngiri ya tumbo ilipokubana, muuguzi alikugusa tumbo akajua hapo hapo kwamba unahitaji kisu, na kisu kiko Goma. Waliita ndege. Haya nimesimuliwa na Bahati, ambaye hacheki tena. Walikulaza kwenye machela pembeni ya kiwanja, mvua imetoka kunyesha, nyasi ziko kama zinavyokuwa siku zote ambazo hakuna mkubwa anayekuja. Ndege ikafika. Ikashuka chini, ikapanda. Ikazunguka, ikashuka tena. Halafu ikageuza pua ikarudi ilikotoka. Rubani simlaumu. Angelazimisha, angekuua wewe na kujiua mwenyewe, na pengine watoto waliokuwa wamesimama kutazama. Yeye alipewa mbwa asiyejua msitu akaambiwa awinde.

Wakakubeba kwa miguu kwenye njia ya Masisi. Misheni ilikuwa imenipa habari, nikashuka kutoka Karuba kwa lori la maharagwe, kisha kwa miguu, na tukakutana kwenye kona ile ya mto, pale tulipokuwa tukipumzika ukinisindikiza kurudi shuleni. Ulinitambua. Uso ulikuwa wa rangi ya majivu. Ulisema, "Ilizunguka, mama. Niliona tumbo yake." Tangu nilipokuwa mdogo uliniita mama ukinibembeleza, na siku ile nami nilikubembeleza hivyohivyo, nikikufuta jasho kwa kitambaa changu cha kichwa. Hatukufika hata kilima cha kwanza. Wabebaji walisimama, wakanitazama, wakageuza machela kurudi nyumbani.

Tukakuzika hapa, kwenye ua wako mwenyewe, kama ulivyotaka. Shida alilala juu ya udongo mpya hadi Mama akamvuta kwa sikio.

Sasa sikia walichofanya mwaka huu. Ndege yao imeshindwa kutua mara nyingi mno, hata mama mwenye mimba aliyekwamiwa na mtoto ilimzungukia ikaenda zake. Je, walisema tulinunua vibaya, tuijaribu upya ile nyingine? Hapana. Walisema kiwanja ni kifupi. Wakaja polisi na vijiti vyenye vitambaa vyekundu, wakavipanda kuvuka shamba la Mama, katikati ya migomba, hadi nyumba. Kijiti cha mwisho kilipandwa miguuni pako. Kaburi lihamishwe, nyumba ibomolewe, na mkuu wa teritware, yaani wilaya yetu, atakuja mwenyewe kwa ndege kuangalia kazi. Nyasi zikatwe kabla hajafika.

Yaani wewe uliyekufa kwa sababu ya ndege ile, uipishe njia. Nilisoma na watu wenye akili, Papa, sijawahi kusikia akili kama hii.

Bahati alikuwa tayari kukubali. Alisema serikali ni serikali, tutapewa mahali pengine. Nilimwambia maneno ambayo dada hamwambii kaka yake mkubwa, na sijaomba msamaha hadi leo. Kisha yeye akageuka kabisa, akataka tuburute magogo usiku tuyalaze kiwanjani. Hapo nilikumbuka wewe na nyavu zako. Nikamwambia hapana. Tukiweka gogo tumekuwa kama wao, tumepima kwa hila. Kiwanja kibaki kama kilivyokuwa siku ulipolala pale kwenye machela. Hatuongezi kitu, hatupunguzi kitu. Mbuzi waendelee kula wanachokula siku zote, na panga zikae nyumbani.

Niliogopa watu wasikubali. Wanaogopa polisi, na mimi ni mtu wa kuolewa mbali, nimerudi tu kumsaidia Mama. Lakini nilipita nyumba kwa nyumba na Mama mwenyewe akiwa mbele, na hakuna nyumba iliyokataa. Katika kila nyumba kulikuwa na mgonjwa wao waliyemkumbuka. Polisi alipiga kelele siku nzima, akaishia kukata kipande kidogo mwenyewe, akaota malengelenge.

Siku yenyewe asubuhi ilinyesha, mvua ya kawaida ya hapa. Ndege ikaja. Tulikuwa tumesimama wote pembeni, wanawake na watoto mgongoni. Ikashuka chini, ikapanda. Ikazunguka, ikashuka tena, na safari hii niliona tumbo lake mimi mwenyewe, jeupe, na dirishani uso wa mtu aliyeshika kofia kwa mikono miwili. Halafu ikageuza pua. Hakuna aliyeshangilia, Papa. Bahati aliketi chini kwenye matope akalia kwa sauti, mwanaume mzima, na sikumzuia.

Mkuu alifika baadaye kwa njia ile uliyobebewa wewe, jeep imemfia kwenye daraja lililovunjika, matope hadi kiunoni. Sikumwonea huruma. Tulimpa maji ya kuoga na kigoda cha kukalia, hiki chako, akayumba nacho. Akauliza kwa ukali nani alikataza nyasi kukatwa. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, ya Kifaransa pia, lakini Mama alinitangulia. Alisema, "Hakuna muntu alikataza, Mukubwa. Iko vile ilikuwa siku ya bwana yangu. Tulitaka uone."

Mkuu akageuka kukutazama pale ulipo. Halafu mimi nikasema langu. Nilimwambia hatuombi ndege ya zawadi na hatumchagulii muuzaji. Zije zote mbili, siku moja, kwenye nyasi hizihizi, mzigo uleule, na wauzaji wabaki Goma. Itakayotua ndiyo ibebe wagonjwa wetu. Ikiwa ni ile nyeupe, mimi mwenyewe nitashika jembe nikuhamishe.

Ndiyo, nilisema hivyo. Usininunie. Ulikuwa ukinunua mbwa wa mtu usiyempenda kama aliwinda vizuri.

Akasema atapeleka neno hilo kwa wakubwa wa jimbo, na kwamba hadi lijibiwe hakuna atakayegusa kaburi. Amesema tu. Bado sijaona, na sitasherehekea maneno. Ila alipokuwa akiondoka alipita karibu na mbuzi mmoja wa Mama, akaona mbuzi yule amefungwa kwenye kijiti chenye kitambaa chekundu, kile kilichokuwa miguuni pako. Alikitazama, akamtazama Mama, akaendelea na safari yake.

Wiki hii narudi Karuba, shule inafunguliwa. Mama hajambo, anakula, analalamika kuhusu chumvi. Shida amezeeka lakini kengele yake bado inasikika asubuhi huko kwenye migomba, akikutafuta, nadhani, au panya. Bahati amerithi nyavu zako na anazishona vibaya.

Lala, Papa. Siku ndege zile mbili zitakapokuja, wataniita nami nitashuka hata kama ni kwa miguu njia nzima. Nitasimama pembeni pale ulipolazwa, na mtu yeyote nitakayemwona na panga atanipita mimi kwanza. Leo asubuhi nilikata nyasi za kaburi lako, nikazifagia vizuri. Zile za kiwanja sikuzigusa.

Mwanao,
Furaha